Ulinganisho: mbio za porini, rali na langalanga zinatofautiana wapi hasa?

Msafiri_wa_Voi (Voi) | Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, salaam.

Mimi na mdogo wangu tuna ubishi tangu tuliporudi Naivasha kutazama Safari Rally, na kila tukikaa mezani unaanza upya. Yeye anasema Safari ni mbio za porini: vumbi lipo, mawe yapo, swala wanakatiza, unataka nini tena? Mimi nasema hapana. Yale magari yanapita barabarani, hata kama barabara yenyewe imechakaa. Pori ni pale ambapo barabara haipo.

Ubishi huu una pesa ndani yake. Marehemu baba alituachia Land Cruiser ya zamani, chesisi nzima, injini ya dizeli, imekaa chini ya mwarobaini mwaka wa nne sasa. Tumekubaliana tusiiuze. Tunaweka akiba tuitengeneze, kisha tuingie nayo mashindanoni. Ila mashindano yapi? Mdogo wangu anataka rali. Moyo wangu uko Rhino Charge, yale mashindano ya kuvuka pori la Kenya pasipo barabara. Na kuna binamu yetu anayetutumia video za Dakar, rali ya jangwani kule Saudia, kila wiki akidai huko ndiko kwenye mbio za kweli.

Nilivyokuwa nikigawa kichwani ni hivi: langalanga (Formula 1 na wenzake wa viwanjani) ni ya lami, rali ni ya vumbi, na mbio za porini ni za mchanga, matope na majabali. Mgawanyo huo unasimama? Mlioshiriki, mliotengeneza magari, hata mliotazama kwa miaka mingi, naomba mnisaidie. Nitasoma kila jibu.

Kasi_ya_Sekunde (Dar es Salaam) | Jumapili, saa 2:41 usiku

Mkuu, mgawanyo wako unavunjika mapema sana. Kuna mbio zinaitwa rallycross, zilianzia Lydden Hill kule Uingereza mwaka 1967. Kiwanja ni kimoja, kimefungwa, watu wamekaa jukwaani, lakini sehemu ya mzunguko ni lami na sehemu ni changarawe. Utaziweka kapu gani? Na motokrosi ya pikipiki je? Ni udongo mtupu, ila kona ni zile zile kila mzunguko.

Niseme la langalanga, maana ndiyo ninayoifuatilia tangu niko shule. Mbio za Formula 1 zina takriban kilomita 305. Magari yanaondoka pamoja, kwa hiyo adui yako unamwona kwenye kioo. Dereva amekwisha kukariri kila kona kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji kabla hajapanda ndege kwenda huko. Akiingia kubadilisha tairi, zote nne zinatoka na kuingia kwa sekunde mbili na ushei. Mwaka 2023 Qatar, McLaren walifanya kwa sekunde 1.80. Kila kinachoweza kupimwa kimepimwa. Kinachobaki ni nani atachelewa kukanyaga breki kwa upana wa unywele.

Naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna wa kumsingizia jiwe.

Mama_Noti (Nakuru) | Jumapili, saa 3:05 usiku

Msafiri, Kasi amekufungulia mlango, ngoja niingie.

Mimi ni navigeta wa rali za klabu, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea njia, mwaka wa tisa huu. Usiangalie gari linakanyaga nini. Uliza hivi: njia anaijua nani, na aliijua lini? Ukishapata jibu, mashindano yote yatajipanga yenyewe.

Kwenye langalanga njia inajulikana kwa moyo. Kwenye rali inajulikana kwa maandishi. Kabla ya mashindano tunaruhusiwa kupita kila mkondo, yaani kipande cha njia kinachofungwa na kupimwa muda, kwa mwendo wa taratibu, kwa kawaida mara mbili. Dereva anatamka anachokiona, mimi naandika noti: kulia nne (namba ni ukali wa kona), inabana, mtaro kushoto, usikate. Siku ya mbio namsomea. Yeye anaendesha kona ambayo bado hajaiona, kwa sababu sauti yangu imefika pale kabla ya macho yake. Nikiruka ukurasa mmoja, tuko korongoni wote wawili.

Tena hatushindani kwa kuonana. Gari moja linaondoka, dakika zinapita, linaondoka jingine. Safari wanaongeza nafasi hizo kwa sababu vumbi la mkondo wa Kedong linaning'inia hewani kama pazia. Na kati ya mkondo na mkondo tunarudi kwenye barabara za kawaida, tunafuata sheria za trafiki kama matatu, tukiwa na kadi ya muda mkononi. Ukichelewa kituoni unaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Ukiwahi, unaongezewa dakika nzima kwa kila dakika. Wageni wengi hilo la kuwahi linawashangaza.

Kwa hiyo kwa Safari ya leo, mdogo wako anakosea kidogo. Ila na wewe usimcheke, maana Kenya ina tabia ya kubadilisha njia baada ya sisi kuiandika. Mvua moja ya usiku, na noti zangu zinazungumzia barabara ambayo haipo tena. Mwaka 2021, rali iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, dereva Mbelgiji Thierry Neuville aliamka Jumapili anaongoza, mbele kwa karibu dakika nzima. Mkondo wa kwanza wa asubuhi, Loldia, shokapu ya nyuma ikamalizika na safari yake ikaishia hapo. Mfaransa Sébastien Ogier akashinda. Siku hiyo Wakenya watatu walimaliza ndani ya kumi bora, Onkar Rai wa 7, Karan Patel wa 8, Carl Tundo wa 9, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walijua kulitunza gari. Huo ni ujuzi wa porini walioupeleka kwenye rali.

Mzee_Datsun (Mwatate) | Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Vijana, hamjambo.

Binti wa Nakuru amesema vizuri, nami naongeza la zamani, kwa sababu mnapima Safari ya leo kana kwamba ndiyo iliyokuwepo siku zote.

Ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Haikuwa na mikondo iliyofungwa. Barabara zilikuwa wazi kwa kila mtu. Gari la mashindano lilikutana na lori la mkonge, basi, ng'ombe na mama aliyebeba kuni, wote wakiwa na haki ya barabara sawa na yeye. Ndiyo sababu magari yalifungwa vyuma vikubwa mbele na mataa kama jicho la bundi, na miaka ya baadaye timu kubwa zikarusha helikopta juu ya gari kumwonya dereva kuna nini mbele. Kwa miongo mingi ilifanyika Pasaka, kwenye masika, kwa makusudi kabisa. Mwaka 1963 walimaliza saba. Mwaka 1968 wakamaliza saba tena. Saba, kati ya magari mengi yaliyoondoka.

Nikiwa kijana tulikesha kando ya barabara huku Taita, tumewasha moto, tukisikiliza redio. Kwanza unaona mwanga juu ya kilima, kisha unasikia injini, kisha umefunikwa vumbi na hujui hata ni nani aliyepita. Lakini tulijua. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 kisha 1979 mpaka 1982 mfululizo, zote na Datsun, na mnaona jina langu humu. Kabla yake Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Hawa hawakuwa na kasi tu. Walijua mto upi ukifurika unapungua baada ya saa ngapi.

Kwa kipimo cha binti huyu, njia anaijua nani, Safari ya zamani ilikuwa katikati. Njia ilijulikana, hali yake haikujulikana.

Na msidharau gari dogo. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio, kagari ka injini ya sisi 660. Colin McRae, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, hakufika mwisho nalo. Patrick Njiru wetu alilifikisha, akawa wa 12 kwa jumla.

Msafiri_wa_Voi | Jumatatu, saa 1:02 asubuhi

Shikamoo mzee wangu. Mwatate ni jirani, kumbe tuko pamoja humu. Baba naye alikuwa akitusimulia ule moto wa kando ya barabara. Ahsante sana.

Mama_Noti, swali lako nimemsomea mdogo wangu. Amenyamaza, kisha akauliza: na Dakar?

Mtanga_wa_Hail (Hail, Saudia) | Jumatatu, saa 7:15 mchana

Hapo naweza kusema kitu, kwa sababu imepita mlangoni kwangu. Mimi ni dereva wa lori la maji, na Hail ni moja ya miji ambayo Dakar imepiga kambi tangu ihamie Saudia mwaka 2020.

Historia fupi: Mfaransa Thierry Sabine alipotea na pikipiki yake jangwani Sahara mwaka 1977, akaokolewa, na badala ya kulikimbia jangwa akawaletea wenzake. Rali ya kwanza iliondoka Paris Desemba 1978. Mwaka 2008 ikafutwa kwa sababu za usalama, mwaka 2009 ikahamia Amerika Kusini, sasa iko huku. Jina la Dakar limebaki ingawa Senegali ilibaki nyuma.

Kwa kipimo cha Mama_Noti: njia anaijua mwandaaji peke yake. Washindani hawaruhusiwi kwenda kuikagua. Hapo mwanzo walipewa kitabu cha njia jioni, wakakesha wakikipaka rangi. Siku hizi wanakipata kwenye kishikwambi dakika chache kabla ya kuondoka. Na kitabu chenyewe hakikuambii kona. Kinakuambia: kilomita 42.3, shika uelekeo wa nyuzi 115, ukiona bonde pita kushoto. Kati ya hapo na kilomita 47 ni wewe na mchanga. GPS yao imefungwa, haiwaonyeshi ramani. Inathibitisha tu kwamba wamepita karibu na alama zilizofichwa, na ukiikosa alama unaadhibiwa.

Nimewaona kwa macho yangu magari matatu ya timu kubwa yakizunguka bonde moja kama kuku aliyepoteza vifaranga, wakati pikipiki ya mtu asiye na jina ikipita pembeni taratibu, imeshika njia sahihi. Kasi yote ile haikuwasaidia. Na wale wa pikipiki nawavulia kofia zaidi, kwa sababu hawana navigeta. Anaendesha, anasoma na anaamua mtu mmoja, mchanga ukimpiga usoni, wiki mbili.

Tofauti nyingine ni usiku. Mwaka 2024 na 2025 kulikuwa na hatua ya saa 48. Ikifika jioni kila mtu alisimama kwenye kambi ndogo iliyo karibu naye. Alipewa hema na chakula kidogo, hakuwa na mawasiliano na timu yake, hakujua wenzake wamefika wapi. Asubuhi aliendelea. Mwenye bajeti kubwa na mwenye bajeti ndogo walilala mchanga ule ule na kila mmoja alikaza nati zake mwenyewe.

Mwaka 2025 Yazeed Al-Rajhi alishinda kwenye magari, Msaudia wa kwanza, na Hilux. Kazini kwetu siku hiyo chai ilikuwa ya bure kwa kila mtu.

FundiDifu (Arusha) | Jumatatu, saa 1:40 usiku

Nimefunga gereji, naandika sasa.

Wengine mmeongelea njia, mimi naongelea chuma, na chuma kinawaunga mkono. Gari la langalanga limetengenezwa likae chini, kwa sababu linajua halitakutana na kitu. Gurudumu linapanda na kushuka kiasi kidogo sana. Gari la rali tayari ni jambo jingine. Ukija kwenye magari makubwa ya Dakar ya daraja la T1+, gurudumu lina nafasi ya sentimita 35 kupanda na kushuka, tairi ni inchi 37, na sheria inawafungia mwendo usizidi kilomita 170 kwa saa. Tafakari hilo: kwenye mbio, gari limefungiwa mwendo. Kwa sababu kule mwendo haukosekani, kinachokosekana ni uhakika wa kilicho nyuma ya tuta.

Kitu kinachoua magari porini si ule mruko mkubwa mnaouona kwenye picha. Ni makunyanzi madogo madogo kama ya bati, saa nzima, saa mbili. Shokapu inafanya kazi bila kupumua, mafuta ndani yanapata joto, yanatoa povu, na povu halizuii kitu. Hapo gari linaanza kurukaruka kama mpira, dereva anasema springi imekatika, unafungua unakuta springi nzima. Ndiyo maana utaona magari ya kule yana shokapu mbili kwa gurudumu moja, zenye chupa ya akiba pembeni ya kupoza mafuta.

Jingine: Formula 1 mafundi wamejaa pembeni wanakusubiri. Rali, kuna kituo cha matengenezo na dakika zake zimehesabiwa. Dakar, katikati ya jangwa, fundi ni wewe na navigeta wako, au lori la timu yenu ambalo nalo limeandikishwa kama mshindani ili liweze kupita njia ile ile likiwa na spea. Kwa hiyo huku namba ya boliti ni sehemu ya mashindano. Nikitengeneza gari la porini, boliti ninazoweza kuzifanya saizi moja nazifanya saizi moja, ili mtu afungue nusu gari kwa spana tatu. Fundi wa lami hawezi kufikiria hivyo, na hana haja.

Na sasa la Land Cruiser yako. Kwa rali, kaka, nakueleza ukweli: ni nzito, iko juu, na ukiifunga kizimba cha mabomba, viti, mikanda na kila kinachotakiwa na sheria utakuwa na gari salama lisiloshinda mtu. Kwa kutambaa juu ya mawe, hiyo hiyo ni mali.

Nyayo_Mbele (Nanyuki) | Jumatatu, saa 3:30 usiku

Nilikuwa nasubiri mtu afike kwenye mawe.

Mimi si dereva. Kwenye Rhino Charge mimi ni yule anayekimbia mbele ya gari. Nimefanya mara sita. Wengi hawajui kwamba kuna kazi kama hiyo kwenye mbio za magari, kwa hiyo acheni nieleze taratibu.

Eneo la mashindano hufichwa mpaka siku zinapokaribia, ili mtu asiende kulichungulia. Ni mwisho wa Mei, kuelekea Madaraka. Magari hayazidi 65. Kuna vituo 13 vimetawanywa kwenye kilomita za mraba kama 100 hivi za vilima, makorongo na miiba, na una saa 10 za kuvifikia vyote. Hakuna njia. Narudia, hakuna njia. Mnachagua wenyewe mnavyotoka kituo hiki kwenda kile. Na anayeshinda si aliyemaliza mapema. Ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Kila mita inayosoma kwenye kifaa ni hasara yako.

Sasa fikiria unafika ukingoni mwa korongo. Kituo unakiona ng'ambo, bendera inapepea, mita 400 kwa macho. Kulizunguka korongo ni kilomita tatu. Kulivuka ni ukuta wa mawe. Dereva anazima injini ili nisikike. Mimi naruka chini, nakimbia kwenye mwiba, natafuta sehemu ambayo ekseli itapita bila kukaa. Narudi natikisa kichwa. Nakimbia upande mwingine. Napata mteremko, napima kwa macho, naita: njoo, kulia kidogo, kulia, simama! Mwenzangu tayari anavuta waya wa winchi, ile mashine ya kujivutia gari, kuuzungusha kwenye jabali. Gari linashuka pua chini kwa mwendo ambao mtoto anayetambaa angelipita. Dakika 40 kwa mita 60. Na tukifika chini tunakumbatiana kama tumeshinda kombe.

Ndiyo maana, Mama_Noti, kipimo chako nakikubali kwa asilimia zote, na nakimalizia. Langalanga njia iko kichwani. Rali iko kwenye daftari lako. Dakar iko kwa mwandaaji. Kwetu njia haipo mpaka tuifanye, na tukiondoka timu nyingine inaweza isiione wala isiitamani.

Kuna jambo jingine ninalolipenda zaidi ya mawe. Mbio hizi zilianza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, kazi ya shirika la Rhino Ark. Faru weusi walikuwa wanauawa mle, na tembo walikuwa wanashuka kumaliza mashamba ya watu. Kila timu hutafuta michango kabla ya kuingia. Uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 ukakamilika mwaka 2009. Shangazi yangu analima viazi karibu na ule msitu. Zamani walilala shambani wakipiga madebe usiku kucha. Sasa analala nyumbani. Nikiwa nimechanwa na miiba nakumbuka viazi vile.

Kasi_ya_Sekunde | Jumatatu, saa 3:52 usiku

Nyayo, nimesoma mara mbili, na nakuheshimu. Ila naomba niulize kwa nia njema kabisa: kama anayeshinda si mwenye mwendo, hizo ni mbio kweli? Si ni mtihani wa aina nyingine, mzuri, lakini nje ya familia hii?

Nyayo_Mbele | Jumatatu, saa 4:10 usiku

Ni swali la haki, kaka.

Jibu langu: saa 10 hizo zina mwisho. Ukitafuta njia fupi kwa muda mrefu mno, hufiki vituo vyote 13, na aliyekamilisha vyote kwa njia ndefu atakuwa juu yako. Kwa hiyo kila dakika tunalipa kwa mita na kila mita tunalipa kwa dakika. Dereva wa langalanga anachagua wapi afunge breki. Sisi tunachagua kama korongo hili linastahili dakika 40. Presha ni ile ile, na moyo unadunda vile vile.

Mama_Noti | Jumatatu, saa 4:18 usiku

Namuunga mkono Nyayo. Hata rali ukiangalia, tunashindana na saa, hatushindani ubavu kwa ubavu. Kama kushindana na saa ni mbio, kushindana na mita ndani ya saa ni mbio.

Kasi_ya_Sekunde | Jumatatu, saa 4:25 usiku

Hapo mmenishika. Nakubali.

Garuga_256 (Kampala) | Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Habari zenu ndugu. Huku kwetu Garuga tuna motokrosi, na niseme kwamba kwenye pikipiki mgawanyo wa Mama_Noti unafanya kazi vile vile. Motokrosi geti linaanguka, wote mnaondoka pamoja, kona ya kwanza viwiko vinagongana, kiwanja kile kile, mruko ule ule. Ni langalanga yenye udongo. Enduro mnaondoka kwa zamu, msitu na mito, kuna muda wa kufika kila kituo. Ni rali yenye miti. Tairi zinakaribia kufanana, hata buti ni zile zile, lakini mpanda motokrosi mzuri nimemwona akiishiwa nguvu kwenye enduro saa ya pili, kwa sababu alizoea kutoa nguvu zote kwa nusu saa.

Kwa mwenye pesa kidogo, pikipiki ndiyo mlango. Lakini naona mna Land Cruiser, basi endeleeni.

Mswahili_wa_Pwani_ya_Pili (San Diego) | Jumanne, saa 11:30 asubuhi kwa saa za huku

Mmewasahau jirani zangu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, naishi San Diego, na Ensenada, Mexico, iko ng'ambo ya mpaka tu, ambako mbio za jangwani za Baja 1000 huanzia miaka mingi. Ilianza 1967, Tijuana mpaka La Paz, na waliopata ushindi wa kwanza walikuwa na kigari chepesi cha mchangani (buggy) cha Meyers Manx, kwa muda wa saa 27 na dakika 38.

Hii inavuruga kidogo mpangilio wenu, ndiyo maana nimeingia. Kwenye Baja njia inajulikana na unaruhusiwa kwenda kuipita kabla. Watu wanaipita wiki nzima. Kwa hiyo kwa kipimo cha Mama_Noti ingekuwa rali. Lakini haikatwi mikondo, hakuna kulala. Bendera ikishuka ni mpaka mwisho, mchana na usiku, na mara nyingi madereva wanapokezana. Malori yao ya mbio, Trophy Truck, gurudumu linacheza zaidi ya nusu mita na yanapita kwenye mashimo kwa mwendo ambao kwetu Lamu hata boti haina. Na pia yale unayoyajua kwa kukagua hubadilika: kuna watazamaji wanaochimba mitego njiani usiku ili waone magari yakiruka. Ni desturi mbaya, imeumiza watu, na siipendi kabisa.

Mama_Noti | Jumanne, saa 4:44 usiku

Ahsante ndugu wa Lamu. Hilo linanilazimisha niongeze swali la pili kwenye kipimo changu: ukiharibikiwa, msaada uko umbali gani? Baja njia unaijua, lakini saa 9 usiku katikati ya miti ya dungusi kakati hujui timu yako itakufikia lini. Hapo ndipo inakuwa ya porini. Na kwa swali hilo Safari ya Mzee_Datsun nayo inahamia porini. Mdogo wake Msafiri alikuwa na haki, ila kwa Safari ya wakati wa baba yao.

Mzee_Datsun | Jumanne, saa 5:01 usiku

Umenena, binti.

Msafiri_wa_Voi | Jumatano, saa 1:15 usiku

Wakuu, nimekaa na mdogo wangu jana tukasoma uzi huu wote kuanzia juu. Hiyo sentensi ya mwisho ya Mama_Noti ameisoma mara tatu kwa sauti, na nimemwachia. Amestahili.

Tumeamua hivi. Land Cruiser inabaki ya kutambaa. Tutaijenga kwa ajili ya Rhino Charge, polepole, na mwaka huu tunakwenda kwanza kama watazamaji na wasaidizi ili tuone timu zinavyofanya kazi. Mdogo wangu hataki kutambaa, anataka mwendo, basi ataanza na autokrosi, mbio fupi za kiwanja cha udongo, kwa gari dogo la rafiki yake, na huku anajifunza unavigeta. Dakar itabaki kwenye simu ya binamu.

FundiDifu, nimeitoa turubai. Ekseli ya nyuma inavuja kwenye gurudumu la kushoto, na loki ya difu, ile inayofanya magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, haijulikani kama bado inashika. Nianze na nini?

FundiDifu | Jumatano, saa 2:20 usiku

Usianze na winchi, ndiko kila mtu anakoanza. Anza na hiyo sili inayovuja kwenye ekseli, kisha breki, kisha badilisha mafuta ya difu zote mbili na uyaangalie yanavyotoka. Yakiwa na vumbi la chuma linalong'aa nipigie picha kabla hujafunga. Pia pima kutoka ardhini mpaka tumbo la ekseli, sehemu iliyo chini kabisa, uniandikie kwa sentimita. Usipime kwenye chesisi, jiwe haligongi chesisi kwanza.

Nyayo_Mbele | Jumatano, saa 2:31 usiku

Na wewe Msafiri anza kukimbia. Saa moja kila asubuhi, mlimani, ukiwa na viatu vya kufunika kifundo. Timu nyingi zinaharibikiwa na mkimbiaji kabla ya gari.

Mama_Noti | Jumatano, saa 2:50 usiku

Mdogo wako aje Nakuru Jumamosi ya pili ya mwezi, tunafanya mazoezi ya noti kwenye barabara ya shamba. Abebe daftari la waya, lile linalofunguka mpaka nyuma, na penseli mbili zilizofungwa kwa uzi. Wino hukauka kwenye vumbi.